Tundwe Hashiki Kitu cha Mwongo

Mnyama anayeitwa tundwe hayupo. Nasema hivyo mapema, asije mtu akaniuliza anapatikana pori gani. Hayupo Serengeti, hayupo Maswa, hayupo kwenye kitabu chochote cha sayansi, na hajawahi kuwapo. Nilimtunga mimi nikiwa na miaka tisa, nimekaa kwenye kivuli cha mkwaju nikilinda ngitili ya baba. Na mnyama huyo asiyekuwapo ndiye aliyemwozesha dada yangu. Mpaka leo nikilikumbuka jambo hilo nashtuka upya, na mimi si mtu wa kushtuka ovyo.

Ngitili, kwa asiyezijua, ni malisho ambayo Msukuma huyafunga wakati wa mvua ili majani yakue, ng'ombe wapate cha kula kiangazi. Yetu ilikuwa nyuma ya nyumba, upande wa Kasoli, ina migunga mingi na mkwaju mmoja mkubwa pembeni. Kazi yangu ilikuwa kuwafukuza mbuzi wa watu. Mbuzi si mnyama wa kufikirisha. Ukimrushia jiwe moja unapata nusu saa ya kukaa bure, na mtoto anayekaa bure akiwa na daftari na kipande cha penseli ni wa kuogopwa kuliko mbuzi wote wa wilaya.

Nilianza na nchi. Juu ya miti, niliandika, kuna nchi nyingine, yenye njia zake za matawi na visima vyake kwenye mashimo ya magogo. Nchi inahitaji wenyeji, na watu walikuwa wamenichosha, kwa hiyo nikaweka wanyama. Wa kwanza alikuwa tundwe. Ukubwa wake ni wa paka. Manyoya yake ni ya rangi ya majivu mgongoni na ya njano tumboni. Ana mikono kama ya mtoto mchanga, na mkia mrefu kuliko mwili, ambao huuzungusha mara mbili kwenye tawi kabla ya kulala asije akaanguka. Mtoto wake humbeba kwenye mfuko wa ngozi ulio mgongoni, kwa sababu mama zetu wote walibeba mgongoni na sikuona kwa nini mnyama mwenye akili afanye vingine. Anakunywa umande. Hashuki chini ila alfajiri, mara moja tu, kuokota kitu alichokipenda na kukipandisha juu. Na masikio yake hujikunja yenyewe akisikia uongo, kwa hiyo tundwe hashiki kitu cha mwongo.

Hilo la mwisho nililiongeza kwa sababu ya mtindi. Mama alikuwa na kibuyu chake cha mtindi, na kila siku kilipungua, na kila siku nilisingiziwa mimi. Nikawakusanya wadogo zangu na watoto wa jirani, nikawaambia kila mmoja aweke kipande cha bua la mtama chini ya mkwaju. Mabua ya wakweli tundwe atayapandisha mtini. Bua la mwizi litabaki chini. Alfajiri niliamka kabla yao, nikayapachika yote kwenye matawi isipokuwa moja, la mdogo wangu wa kiume, ambaye jana yake nilimwona na ndevu nyeupe za mtindi. Tulipofika, hata hakuangalia juu. Alianza kulia tangu tukiwa njiani.

Mama alicheka mpaka akakaa chini. Lakini kucheka kwake hakukumzuia kuwasimulia wenzake kisimani, na kule kisimani kicheko kilibaki njiani, ikafika habari peke yake. Wiki hiyo hiyo alikuja mama mmoja na wakwe zake wawili waliogombania khanga. Nikaamka alfajiri. Baadaye wakaja wengine. Nikawa naamka alfajiri mara kwa mara, na kwa kuwa nilikuwa mdaku nikijua nani kafanya nini, tundwe wangu alikosea mara chache sana. Watu walianza kunisalimia mimi kwanza, mtoto wa darasa la nne, kabla ya kumsalimia baba. Nikavimba kichwa. Sina haja ya kulificha hilo. Nilikuwa nakitembeza kichwa hicho kijiji kizima.

Kisha, nilipofika miaka kumi na mitatu, likaja soko huria. Kabla ya hapo pamba yetu ilikuwa na njia moja tu: unaichambua, safi huku na fifi, ile chafu, huku, unaibeba mpaka ghala la ushirika, unasubiri. Ukilalamika, unalalamika pale pale. Mwaka ule tukaambiwa kila mwenye kibali anaweza kununua. Wakaja wanunuzi watatu kwa mpigo, kila mmoja na mizani yake, turubai lake na karani wake mwenye maneno matamu. Wanaume waliolima pamba tangu ujana wao walisimama barabarani na magunia kichwani, hawajui waingie wapi. Walizoea kuibiwa na mtu mmoja wanayemjua. Kati ya hawa watatu, hawakujua ni yupi atawaibia.

Baba hakuwa mtu wa hadithi. Mama alikuwa akienda kanisani, yeye alikuwa akienda kwenye ng'ombe. Tangu nizaliwe sikuwahi kumwona akicheka meno yakaonekana. Jioni moja nikamwona anakuja kwenye mkwaju, ameshika vifundo vitatu vya pamba. Kimoja kimefungwa uzi mwekundu, kimoja mweusi, kimoja hakina uzi. Alivipanga chini kwa uangalifu, kila kimoja kwa jina la mnunuzi mmoja, akarudi nyumbani bila kuniangalia. Nilipigwa na butwaa. Nilitaka kucheka, nikakuta kicheko hakipo.

Alfajiri ile sikuenda. Niliogopa. Wakwe wa khanga ni jambo moja, na pamba ya baba ni jambo jingine. Asubuhi tulipofika, kile kifundo kisicho na uzi hakikuwepo. Kiko juu kabisa ya mkwaju, nusu yake imeshashonwa kwenye kiota cha ndege. Ndege! Kila mtu aliyewahi kulima pamba anajua ndege wanavyoipenda. Nilimwonyesha baba kiota. Baba akakitazama, akatikisa kichwa taratibu, akasema, "Tundwe kampa ndege."

Akampelekea pamba mnunuzi wa kifundo hicho, na mnunuzi huyo akawa mkweli kuliko wenzake. Tangu siku ile mnyama hakuwa wangu tena. Mzee mmoja alisema babu yake aliwahi kumwinda. Mwingine akasema hapana, anawindwaje, huyo ni mwiko kumuua. Baba mwenyewe, baba yangu mzazi, alianza kusema amemwona mkia. Nikamfuata zizini nikamwambia ukweli wote: daftari, mabua, alfajiri, vyote.

"Baba, huyu mnyama nimemtunga mimi."

Alikuwa anamkagua ng'ombe kwato. Hakuinua hata kichwa.

"Ng'wana wane," akasema, yaani mwanangu, "wewe ulimtaja tu. Kutaja siyo kuumba. Umepewa jina lake, shukuru, nenda kamsaidie mama yako."

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilizidi kurefuka kila nilipojaribu kuikatisha, na kusema kweli, baada ya siku ile sikujaribu tena. Kwa nini nijaribu? Walikuwa wananiletea karanga.

Dada yangu alirudi nyumbani mwaka uliofuata. Yeye alikuwa amelelewa na bibi kule Ipililo tangu akiwa mdogo, na bibi alipofariki, baba akaenda kumchukua. Alikuwa na miaka kumi na tisa, mimi kumi na minne. Alimkuta tundwe ameshakuwa mkubwa, ana historia, ana wazee wanaomshuhudia. Aliambiwa kwamba mimi ndiye mtoto ambaye tundwe alijionyesha kwake mara ya kwanza. Akanitazama kwa namna ambayo hakuna mtu mzima aliyewahi kunitazama. Nilikuwa na nafasi ya kumwambia, "Dada, ni hadithi yangu ya daftari." Tulilala kitanda kimoja, nilikuwa na nafasi hiyo kila siku. Sikumwambia. Nilipenda vile alivyonitazama.

Nilimpenda dada haraka sana na nilidhani ninamjua. Alikuwa mpole, mwenye mikono myepesi. Nguo ikichanika, aliishona kwa mkono na usingeona ilipochanikia. Alipokuwa anachota maji alikuwa anaimba, na mara nyingi pale kisimani alikuwepo kijana mmoja akinywesha ng'ombe, mtoto wa jirani yetu wa mbali kidogo. Kijana huyo alikuwa hasemi. Alisema "mwadila", salamu ya mchana, basi, salamu yake imeisha mpaka kesho. Nikaunganisha wimbo na kijana, nikapata mapenzi. Ndivyo akili yangu ilivyokuwa: ukinipa vitu viwili nakupa hadithi.

Mwingine alikuwa karani wa yule mnunuzi aliyechaguliwa na ndege. Alitoka Malampaka, alikuwa na baiskeli inayong'aa, kalamu mbili mfukoni na hanchifu nyeupe yenye ukingo wa bluu. Alimjua dada kwenye foleni ya mizani. Kuhusu huyu nina la kukiri, na ni bora nilikiri sasa.

Siku moja nilikwenda na dada kupeleka pamba. Dada alipoenda kutafuta maji ya kunywa, karani aliliona daftari langu, akaliomba. Alisoma kurasa nne au tano, amesimama, watu wanamsubiri. Kisha akanirudishia kwa mikono miwili.

"Shemeji," akasema, "umetunga vizuri sana. Huu mfuko wa mgongoni umeutoa wapi? Hakuna mnyama kama huyu duniani, umemtoa kichwani mwako mwenyewe. Endelea kuandika."

Wanaume wawili waliokuwa kwenye foleni wakacheka. Walikuwa wanamcheka yeye, asiyemjua tundwe, lakini mimi nilijiona nimevuliwa nguo hadharani. Leo, nikiwa nimeandika kwa miaka mingi, ninajua kwamba yule ndiye aliyekuwa msomaji wangu wa kwanza, na kwamba hakuna sifa iliyo kubwa kuliko ile. Siku ile nilimchukia. Nilimchukia kwa sababu alisema kweli, na nilimwambia dada njiani kwamba karani yule ni mwongo. Dada alikuwa anatazama mbele, anatabasamu, na mimi nikadhani ananiunga mkono.

Washenga wa wote wawili walikuja ndani ya mwezi mmoja. Upande wa kijana wa ng'ombe walikuja wazee watatu wa kimya kama yeye. Upande wa karani alikuja mjomba wake na mchungaji wa kanisa lao. Baba akawa njia panda. Jirani alikuwa jirani, mtu tuliyezikana naye. Karani alikuwa mambo mapya, na mambo mapya ndiyo yaliyokuwa yakileta dukani sabuni, chumvi na betri za redio. Mama akasema neno moja la maana, akiwa anapepeta mchele: "Si umwulize mwenyewe?"

"Msichana atachagua kwa macho," baba akasema. "Tundwe atachagua mkweli."

Mama akaniangalia mimi. Yeye alijua. Alikuwepo siku ya mtindi, alicheka mpaka akakaa chini. Mpaka leo sijui kwa nini alinyamaza. Labda alisubiri niseme mimi. Nilitazama ungo wake.

Wachumba wote wawili wakatakiwa kutoa kitu walichokizoea mkononi. Kijana wa ng'ombe alileta kamba ya katani anayofungia ndama. Karani alisikia sharti hilo akacheka kwa sauti, kisha alipomwona baba hacheki, akatoa hanchifu yake. "Kama ndio utaratibu wa hapa," akasema. Baba akaviweka chini ya mkwaju jua likizama, akaamuru mtu asipite huko mpaka asubuhi.

Jogoo wa pili alipowika nilikuwa nimeshavaa. Dada hakuwepo kitandani, lakini huo ulikuwa wakati wake wa kwenda kisimani, sikushangaa. Nilikwenda nikiwa na nia moja: kuipandisha kamba. Nilikuwa nakwenda kumpa dada kijana wake wa kisimani na kumwadhibu karani kwa mkupuo mmoja, na nilijiona mwema kupita kiasi.

Nilipofika nilishtuka nikataka kupiga kelele. Hanchifu ilikuwa juu. Ilikuwa imefungwa kwenye tawi la chini kwa fundo dogo, zuri, ncha zake mbili zimelingana. Kamba ya ndama ilikuwa chini pale pale ilipowekwa.

Ndege hafungi fundo. Komba hafungi fundo. Nikajua mara moja kwamba karani amekuja mwenyewe gizani, au amemlipa mtu, kuiba uamuzi wa tundwe. Kuna mtu kamchezea mnyama wangu! Nilikasirika kabisa, kwa haki yote, mimi niliyetoka kitandani kwenda kufanya jambo lile lile. Nikalifungua fundo kwa meno, maana lilikazwa vizuri. Nikaitandaza hanchifu chini. Nikaichukua kamba nikaizungusha kwenye tawi mara mbili, vile tundwe anavyozungusha mkia wake.

Nikiwa narudi nilikutana na dada, ndoo kichwani. Uso wake ulikuwa unang'aa.

"Ng'wangaluka, mdogo wangu," akanipa salamu ya asubuhi.

"Ng'wangaluka, dada."

"Leo ni leo."

"Leo ni leo," nikamjibu, na nilikuwa na furaha mpaka nikaruka gogo njiani.

Jua lilipotoka tulikwenda wote: baba, mama, washenga wa pande zote mbili, majirani. Baba alikuwa mbele. Akaona kamba juu ya tawi, akavua kofia. Wanawake wakapiga vigelegele. Mimi niligeuka kumtazama dada nione furaha niliyompa.

Dada alikuwa amekaa chini, kwenye vumbi, miguu imenyooka mbele yake kama mtoto. Mkono wake ulikuwa mdomoni. Macho yake yalitoka kwenye kamba yakaenda kwenye hanchifu iliyotandazwa, yakarudi kwenye kamba, na hayakupepesa. Shangazi mmoja akasema, "Aibu ya bibi harusi hiyo," wakacheka, wakamwinua. Nikaamini ni aibu ya bibi harusi. Niliamini kwa sababu nilitaka kuamini.

Karani alikuja mwenyewe kuchukua hanchifu yake mchana. Mimi ndiye niliyempa. Aliitazama, akaichezea kona kwa vidole.

"Imekunjamana hapa," akasema. "Ilikuwa imefungwa."

Alinitazama, si kwa hasira, akaikunja akaitia mfukoni. Msimu ule ulipoisha mnunuzi wake alifunga kituo, na karani hakuonekana tena Kasoli. Sijui alikoishia.

Dada aliolewa. Na hapa ningependa kukuambia kwamba aliteswa, kwa sababu ningejua jinsi ya kulia. Hakuteswa. Shemeji yangu ni mtu mwema, hajawahi kuinua mkono, hajawahi kumlaza njaa. Anasema "mwadila" na kukaa. Wamepata watoto, wamepata wajukuu. Dada alizeeka taratibu kwenye nyumba tulivu. Kitu kimoja tu kilitutatiza sote: tangu siku ya mkwaju hakuimba tena. Mama alisema ni utu uzima.

Mimi nilisoma, nikapata kazi Bariadi mjini, nikaandika. Tulikuwa bado Mkoa wa Shinyanga nilipoondoka, na tulikuwa Mkoa wa Simiyu siku ile niliyokwenda kumtembelea dada, mwanzoni mwa mvua, kabla ya kupanda. Baba na mama walikuwa wameshatangulia mbele za haki. Nilimkuta dada anajiandaa kutoka, amebeba kikapu chenye unga wa mtama.

"Unaenda wapi na unga?"

"Twende utaona."

Tukatembea mpaka kwenye ngitili ya baba, ambayo sasa ni ya mdogo wetu, yule wa mtindi, na nusu yake imelimwa pamba. Mkwaju bado upo. Dada akapiga magoti chini yake, akachota unga kwa vidole vitatu. Mimi nikaangua kicheko. Mungu anisamehe, nilicheka.

"Dada! Mpaka leo? Unamlisha tundwe?"

"Usicheke," akasema kwa upole. "Nilimkosea."

Kisha akaniambia, akiwa amepiga magoti vile vile, kwa sauti ya mtu anayesimulia mambo ya mvua. Alfajiri ile ndoo aliiacha njiani. Alikuja pale akiwa anaogopa mpaka meno yanagongana. Aliifunga hanchifu kwenye tawi kwa mikono yake. Alimtaka karani. Karani alimwahidi cherehani na kibanda karibu na stesheni ya Malampaka, awe anashona nguo za abiria, na walishapanga hata rangi ya mlango. Kwenye foleni ya mizani walikuwa wakizungumza mambo ya vitambaa. Yule kijana wa kisimani, dada hata jina lake hakulijua.

"Vijana wa mnadani wakimzunguka msichana, wanamwambia chagulaga," akasema. "Chagua unayemtaka. Mimi nyumbani kwetu hakuna aliyeniambia hivyo. Nikasema basi nitachagua mwenyewe, kwa wizi. Lakini tundwe aliona. Alinifungulia fundo langu, akaishusha hanchifu, akapandisha kamba ya aliyemtaka yeye. Nilipoiona ile kamba nikajua kumbe mwongo ni mimi. Nikasema nimehukumiwa, acha niishi na hukumu yangu. Ndiyo maana hata mume wangu sijawahi kumnung'unikia. Nakuja kila mwaka kabla ya kupanda, namwomba asiwape wanangu dhambi yangu."

Ninaandika kwa kazi, na nimejaribu mara nyingi kuandika nilichohisi pale, sijaweza. Nilishika shina la mkwaju. Nilifikiria hanchifu ile, ncha mbili zilizolingana, na nikajiuliza ni kipofu gani anayeweza kuona fundo kama lile asijue ni mkono wa nani. Mimi niliyevaa nguo alizonishonea.

Ningeweza kunyamaza. Nakuapia nililifikiria. Mwanamke ameshapata amani yake, nani anamhitaji mtu wa mjini aje aivunje? Lakini haikuwa amani. Ilikuwa adhabu, na alikuwa akiitumikia kwa kosa langu.

"Dada," nikasema. "Ni mimi."

"Ni wewe nini?"

"Ni mimi niliyeishusha. Nilikuja baada yako. Nilidhani karani ndiye aliyeifunga. Nilidhani unamtaka huyu wa ng'ombe, kwa sababu ulikuwa unaimba kisimani. Tundwe hayupo, dada. Hajawahi kuwapo. Nilimtunga kwenye daftari nikilinda ngitili. Mama alijua. Mimi nilijua. Wewe tu ndiye hukuambiwa."

Dada alitazama juu, kwenye matawi, tawi baada ya tawi, kwa makini. Nikadhani ananitafutia neno la kunilaani, na nililitaka. Kisha akautazama unga uliokuwa kwenye vidole vyake vitatu, akaurudisha ndani ya kikapu, akavifuta vidole kwenye khanga.

"Miaka yote hii," akasema, "namwomba mnyama msamaha."

Nikapiga magoti. Nilianza kusema nisamehe, lakini yeye alikuwa ameshainuka. Aliinuka kwa shida, kwa kushika goti, nami nikaona jinsi alivyozeeka. Akanikabidhi kile kikapu.

"Beba wewe," akasema.

Akatangulia kurudi nyumbani, hakugeuka nyuma, na mimi nikamfuata na unga wake wote.